Kutoka Jangbar hadi Gari
Wazee wetu waliovuka bahari kwa majahazi kutoka Kachchh na Kathiawar waliiita Zanzibar "Jangbar". Vijana huwacheka, wakidhani wamekosea. La hasha! Waajemi walisema Zangbar, Waarabu Zanjibar. Kila ulimi ulilipokea jina kwa sauti zake.

Nasi pia tulitoa. "Gadi" ya Kigujarati, ambayo "d" yake hutamkwa kwa kukunja ulimi, kinywani mwa Mswahili ikawa "gari". "Lakh" ikaongezwa irabu, ikawa "laki". "Bima" nayo ikapokelewa. Ni jirani gani leo ayaonaye maneno hayo kuwa mageni?

Basi, kijana amsikiapo bibi yake akisema Jangbar, asimsahihishe. Amwulize alilisikia kwa nani. Huenda akasimuliwa safari ambayo haikuandikwa.