Nani Anatunga Kanuni ya Neno?

Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kusanifisha lugha na kukagua vitabu vya shule kabla ya kuchapwa. Mwanzoni haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1967 ikaundwa BAKITA. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikashiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Leo mkaguzi aweza kuwa programu ndogo. Huandikiwa kanuni, ikapitia maelfu ya tafsiri na kunasa istilahi zisizolingana au tarakimu iliyodondoshwa. Kanuni moja yaweza kuagiza: kitufe cha kufuta kisiandikwe “Ghairi”. Mkulima wa Mpanda anayejaza fomu kwa simu, akidhani anasitisha hatua moja tu, angepoteza ombi zima.

Lakini mashine haichagui neno. Hulinda uamuzi wa aliyetunga kanuni. Katavi, mkoa tangu 2012, wako wanaojifunza Kiswahili baada ya Kibende, Kipimbwe au Kisukuma. Tusipowauliza neno lipi linaeleweka, tutarudia kosa la 1930, safari hii kwa kasi ya kompyuta.