Maadili ya wakuu wa shule za biashara (Minneapolis–Saint Paul)

Katika Chuo Kikuu cha St. Thomas, kilichoanzishwa mwaka 1885 mjini Saint Paul, maadili ya uongozi hudaiwa ushahidi. Mwanafalsafa Kenneth Goodpaster, aliyehamia huko kutoka Harvard, aliita teleopathia ule ugonjwa wa kung'ang'ania lengo hadi dhamiri inyamaze. Mkuu wa shule ya biashara anayekimbizana na orodha za ubora, ada na wafadhili anaweza kuugua kama meneja yeyote. Zana za tathmini zilizobuniwa chuoni hapo humtaka aonyeshe jinsi heshima ya utu ilivyoingia katika mipango, mafunzo na vipimo vyake. Swali gumu, lakini la haki. Baadhi ya zana hizo zinatokana na Kanuni za Caux za maadili ya biashara, za 1994, ambazo nazo zilichota kutoka Kanuni za Minnesota za 1992.