Unga wa Uyoga, Sindano ya Kuvu

Mama aliponipigia simu Novemba ile, sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyelipwa. Fedha za korosho zilikuwa zimeingia, na Tandahimba msimu huo si wa wakulima peke yao. Huja wauza pikipiki, wauza magodoro, wauza simu, na wauza dawa. Mama alikuwa amenunua boksi tatu za unga wa uyoga.

"Wamesema unamaliza sukari kabisa," aliniambia. Vidonge vya hospitali alikuwa ameviacha wiki mbili zilizopita.

Nilikasirika, kisha nikaona aibu, maana mimi mwenyewe nimekua nikitibiwa kwa uyoga. Bibi aliokota ule wa mviringo kama yai, akauacha ukauke mpaka ukibonyezwa unatoa vumbi la kahawia, na vumbi hilo akatunyunyizia kwenye vidonda vya miguu. Ule wa vichuguuni ulikuwa kitoweo tu. Aliuosha mara tatu (na huku juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako wanawake wameshuka mabondeni kutafuta maji kwa vizazi, kuosha kitu mara tatu ni heshima kubwa), akauchemsha, akauunga kwa karanga zilizotwangwa. Uliobaki aliuanika kwenye ungo ungoje kiangazi. Uyoga asioujua jina aliuacha ulipo, na ole wako uuguse.

Bibi hakuwahi kusema uyoga wake unamaliza kitu kabisa. Neno hilo, kabisa, lilitoka wapi?

Ningeweza kuanzia Majimaji, maana mwaka 1905 vita vilifika hadi Masasi na misheni ya UMCA ikachomwa, na walioichoma walikuwa na dawa yao. Lakini nadhani jibu liko karibu zaidi, kwenye buba.

Buba ulikuwa ugonjwa wa watoto wa vijijini: vidonda vinavyotoka mwilini, visipotibiwa hufika kwenye mifupa na kuacha vilema. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni na misheni zilianza kuchoma sindano za bismuthi. Zilikuwa zinauma, na mgonjwa alitakiwa arudi kuchomwa tena na tena. Lakini vidonda vilikauka upesi, mbele ya macho ya kijiji kizima, na watu wakatembea siku nzima kuzifuata. Vikishakauka, wengi hawakurudi. Madaktari walilalamika. Mimi nawaelewa wagonjwa: nani atembee tena siku nzima kutibiwa kidonda asichokiona?

Mwaka 1935 daktari mpasuaji Mwingereza, Leader Stirling, aliwasili Lulindi, wilayani Masasi, akapasua watu katika hospitali ya udongo na nyasi. (Huyu ndiye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania.) Alipoanza kazi, penisilini ilikuwa bado haijawa dawa. Alexander Fleming alikuwa ameiona London mwaka 1928, kuvu likiua bakteria kwenye kisahani, lakini ilichukua zaidi ya miaka kumi kuifanya itibu mtu. Aina ya kuvu iliyowezesha kuizalisha kwa wingi ilipatikana mwaka 1943 kwenye tikiti lililooza, sokoni Peoria, Marekani. Kuvu na uyoga ni ukoo mmoja. Bibi angecheka sana kusikia kwamba dawa kubwa ya Wazungu ilitoka kwenye tunda la kutupa.

Kuanzia mwaka 1952 hadi 1964, WHO na UNICEF zilipeleka penisilini katika nchi 46 kupambana na buba, na watu wapatao milioni 50 wakatibiwa. Safari hii sindano moja ilitosha. Miaka hiyohiyo, 1952 na 1953, Newala ilikumbwa na homa ya kukunja viungo iliyoipa dunia neno la Kimakonde, chikungunya, na hadi leo hakuna dawa ya kuua kirusi chake. Lakini hiyo haikumbukwi sana. Kinachokumbukwa ni sindano moja.

Nilisafiri hadi nyumbani. Nilikuta mjomba ameitwa, kwa kuwa kwetu neno la mjomba ndilo linalofunga kikao. Nilimwamkia, nikaeleza: watafiti walikusanya majaribio matano ya uyoga wa aina ya ganoderma, ule uliokuwa kwenye boksi, yenye washiriki 398, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba unawasaidia wenye kisukari. Mjomba alisikiliza hadi mwisho.

"Mpwa wangu," akasema, "mimi nilichomwa ya buba nikiwa mtoto. Moja tu. Nikapona, mpaka leo. Sasa wewe unamwambia dada yangu ameze vidonge mpaka afe, halafu unaita hiyo dawa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimweleza kwamba buba lina mdudu wa kuuawa na sukari haina, na hata mimi niliona maelezo yangu yalivyo membamba mbele ya sindano iliyomponya.

Asubuhi tulikwenda zahanati wote watatu. Kipimo kilisoma 19.4. Mjomba aliitazama namba hiyo muda mrefu, akamuuliza muuguzi ya kawaida ni ngapi, akamgeukia Mama: "Meza."

Anameza. Unga uliobaki anauchanganya kwenye uji wa asubuhi, kijiko kimoja, kwa sababu, anasema, aliulipia.