Mnaocheka pangaboi, karibuni Rujewa

Wadau, Septemba 2016 ATCL ilipoleta Bombardier Q400 mbili, watu walizicheka sana: eti pangaboi, ndege za kizamani! Mimi mtoto wa Rujewa sikucheka.

Turudi nyuma kidogo. East African Airways ilipokufa mwaka 1977, Tanzania ikaanzisha ATC. Boeing 737 zilikuja, lakini huko mikoani kazi ilifanywa na Fokker F27 na Twin Otter, zote pangaboi. Safari fupi zinakula mafuta kidogo, na kiwanja kirefu si lazima. Mjomba wangu mpaka leo kila ndege yenye panga anaiita Fokker.

Baadaye mambo yakaharibika. Aprili 2012 Dash 8 ya ATCL ilipata ajali Kigoma ikiruka (namshukuru Mungu, hakufa mtu). Shirika la taifa zima likawa hoi, jamani! Na kiwanja kipya cha Songwe kilifunguliwa mwaka huohuo.

Mwaka jana nilipigiwa simu usiku, bibi amefariki. Asubuhi nikapanda Q400 hadi Songwe, kisha Coaster: Uyole, Igurusi, Chimala. Nilifika Rujewa hawajamzika.