Kadi ya katikati: poka, majuto na kompyuta

Leo naweka kando habari za seva na hifadhidata, tuzungumzie poka. Usishtuke ndugu msomaji, sikuiti kwenye kamari. Kuna swali moja dogo la poka ambalo liliwachukua wanahisabati na waandishi wa programu zaidi ya miaka 80, na jibu lilipopatikana halikuwa la aina ambayo wachezaji wengi walikuwa wakiitafuta.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Hapa Nairobi, ukitaja poka kwenye kibanda cha bodaboda Kangemi au kwenye hosteli ya chuo, watu wataelewa ule mchezo wa kutupa kadi zinazofanana, 2 na 3 zikimchotesha mwenzako, hadi mtu atangaze “niko kadi”. Mchezo mtamu, ila si huo. Ninaousema ni ule wa madau. Kila mtu anaficha kadi zake, pesa zinawekwa katikati, na mwenzako akiweka dau una njia tatu: kutupa kadi na kuacha pesa ulizokwisha kuweka, kufuata dau, au kuliongeza. Katika poka ya kikomo, kiasi cha kuongeza kimepangwa tangu mwanzo. Huwezi kumtisha mtu kwa kusukuma mezani kila ulicho nacho.

Ukishika kadi kali, huna la kufikiria. Ukishika takataka, vivyo hivyo. Shida ni kadi ya katikati. Mwenzako ameweka dau, nawe unajiuliza: anazo kweli, au ananitisha?

John von Neumann, yule ambaye jina lake limebandikwa kwenye muundo wa kompyuta tunazotumia, aliandika kuhusu nadharia ya michezo mwaka 1928, na katika kitabu alichotoa pamoja na Oskar Morgenstern mwaka 1944 poka ilipewa sehemu yake. Lakini mimi nampenda zaidi Harold Kuhn. Mwaka 1950 aliichonga poka mpaka ikabaki mfupa mtupu, kadi tatu tu. Chukua kalamu tuicheze.

Mimi na wewe tunaweka shilingi 10 kila mmoja. Kadi ni J, Q na K. Kila mtu anapata moja, ya tatu inabaki imefunikwa. Dau ni shilingi 10, mara moja tu. Unaanza wewe, unaweka dau. Mimi nina Q. Mezani sasa kuna shilingi 30, na kufuata kunanigharimu 10. Kwa hiyo nikishinda mara moja katika kila nne, pesa zangu zimerudi. Una K au una J?

Tuseme wewe ni mjanja. Ukiwa na K unaweka dau kila mara, na ukiwa na J unanitisha mara moja kati ya tatu. Basi ninapokuwa na Q, katika kila madau manne yako, matatu ni ya K na moja ni la J. Nikifuata yote, mara tatu napoteza 10, mara moja napata 30. Sifuri. Nikitupa kadi, sifuri pia.

Hapo watu husema: basi haina tofauti. Inayo, na kubwa. Nikizoea kutupa Q, utaanza kunitisha kwa kila J. Nikizoea kufuata, utaacha kutisha kabisa na kunilipisha kila upatapo K. Kuhn alionyesha kwamba Q yangu inapaswa kufuata mara moja kati ya tatu, bila mpangilio unaoweza kuusoma. Nikifanya hivyo, J yako ikitisha haipati faida wala hasara, hata ujaribu mara ngapi. Yaani dawa ya kadi ya katikati ni kurusha dadu! (Na tukicheza sote vizuri, wewe uliyeanza utapoteza wastani wa senti 56 kila mchezo, kwa kosa la kutangulia kusema.)

Kabla mtu hajabeba hesabu hii kwenda nayo tao, asikilize. Kadi tatu ziko pia kwenye pata potea, kule chini upande wa River Road. Pale hakuna uwezekano wa kupima, maana mwenye meza anaihamisha kadi kwa vidole, na wale “washindi” wanaoshangilia kando ni wenzake. Halafu kuna kasino. Nairobi imekuwa na zenye leseni kwa miongo mingi, chini ya sheria ya kamari ya mwaka 1966 hadi ile mpya ya 2025 ilipochukua nafasi yake, na jina la International Casino pale Museum Hill linajulikana kwa abiria wengi wa Westlands. Katika kasino za dunia kuna mchezo wa poka ya kadi tatu aliouvumbua Derek Webb mwaka 1994. Unacheza dhidi ya kasino, na mgawaji hana uamuzi wowote, anafuata kanuni tu. Ndiyo maana hapo kadi ya katikati ina jibu lililonyooka: ukiwa na Q-6-4 au bora zaidi endelea, chini ya hapo tupa. Usipokosea hata mara moja, kasino bado inakula kidogo kidogo. Uwiano wa Kuhn una kazi pale tu mpinzani anapoweza kuchagua, na kubadilika akikuona unabadilika.

Sasa, kutoka kadi tatu hadi kadi 52 ni safari ndefu. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilijenga programu iitwayo Polaris. Mwaka 2007 huko Vancouver ilishindwa kwa tofauti ndogo na wachezaji Phil Laak na Ali Eslami, katika poka ya kikomo ya watu wawili. Mwaka 2008, Las Vegas, ikawashinda wataalamu.

Mwaka huo huo wa 2007 watafiti wa chuo hicho walitoa mbinu ambayo Mswahili angeipa jina bila kusaidiwa: kuhesabu majuto. Sisi tunasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Programu yao ilimfanya mjukuu kuwa mwalimu. Inacheza dhidi ya nafsi yake, na kila mchezo ukiisha inajiuliza: hapa nilifuata, je, ningetupa ningepata kiasi gani zaidi? Tofauti hiyo inawekwa akiba. Safari nyingine, njia yenye majuto mengi ya kutoipitia inachaguliwa mara nyingi zaidi. Rudia mamilioni ya mara, kisha chukua wastani wa yote iliyoyafanya.

Niliiandika kwa ajili ya mchezo wa Kuhn kwenye laptopu yangu kuukuu, nikiwa Kawangware. Haizidi ukurasa mmoja na nusu wa kodi, na sikuiambia chochote kuhusu kutisha. Baada ya sekunde chache Q ya mchezaji wa pili ilikuwa inafuata dau kwa 0.33.

Januari 2015 Michael Bowling na wenzake watatu walitangaza katika jarida la Science kwamba poka ya kikomo ya watu wawili imetatuliwa. Programu yao, Cepheus, ilitumia kompyuta 200 zenye viini 24 kila moja, kwa zaidi ya siku 68, na mkakati wake hata baada ya kubanwa ulijaza takribani terabaiti 11. Kikomo ndicho kilichowaokoa, maana dau likiwa la ukubwa mmoja njia za kufuatilia zinahesabika. Si jibu kamili kabisa, lakini mtu akicheza maisha yake yote hawezi kuuhisi upungufu wake.

Kuhusu kadi za katikati, Cepheus ina ujasiri kuliko watu. Asiye mgawaji anazicheza nyingi ambazo wachezaji wengi wangezitupa, na wakati mwingine hailipi uamuzi mmoja bali uwiano, kama Q ya Kuhn. Ila yote haya ni ya watu wawili. Akivuta kiti mtu wa tatu, hata ukicheza ule mkakati wa usawa bila kosa, hakuna tena hakikisho kwamba hutapoteza, kwa sababu makosa ya mmoja kati ya hao wawili yanaweza kumnufaisha mwenzake kwa pesa zako.