Aasif Karim na mipira hamsini ya Durban

Aasif Yusuf Karim, mrushaji wa kriketi aliyeichezea Kenya kwa zaidi ya miaka 15, alizaliwa Mombasa tarehe 15 Desemba 1963. Ukipima kwa mstari wa ndege, mji huo uko karibu zaidi na milima ya Usambara, Tanzania, kuliko ilivyo Dar es Salaam. Hata hivyo jina la Karim halijulikani sana upande wa Tanzania, kwa kuwa kriketi haikupanda sana milima hiyo. Ilibaki pwani na mijini, ilikoletwa na maofisa wa Kiingereza na kulelewa na jamii za Wahindi waliokuja na biashara na reli. Mombasa ilikuwa na klabu yake ya michezo tangu 1896. Huko watoto wa Kihindi walikua na gongo la kriketi mkononi kama wenzao wa Lushoto, huko Usambara, wanavyokua na mpira wa miguu.

Nyumba aliyozaliwa Karim ilikuwa ya wanamichezo. Baba yake, Yusuf Karim, alisifika Mombasa kwa tenisi na kriketi, na mwana akafuata njia zote mbili. Karim aliiwakilisha Kenya katika Kombe la Davis, ambalo ndilo shindano kubwa la tenisi kati ya mataifa, na pia katika kriketi, ambako hatimaye alikuwa nahodha. Si wengi Afrika Mashariki walioivalia nchi jezi za michezo miwili katika ngazi hiyo.

Aliyewahi kuona watoto wakicheza rede anajua nusu ya kazi ya mrushaji. Katika rede mrushaji hulenga mtu aliye katikati. Katika kriketi hulenga wiketi, yaani vijiti vitatu vilivyosimamishwa nyuma ya mpigaji, na mpigaji huvikinga kwa gongo lake huku akitafuta nafasi ya kuupeleka mpira mbali na kukusanya mikimbio. Mpira hurushwa kwa mkono ulionyooka, na kwa kawaida hudunda chini mara moja kabla ya kumfikia mpigaji. Tofauti hiyo ndiyo inayomtenga mrushaji wa kriketi na ndugu yake wa besiboli ya Marekani, ambaye mpira wake hauguswi na ardhi. Ardhi ni silaha ya mrushaji wa kriketi. Wako wanaotegemea kasi, na wako wanaouzungusha mpira kwa vidole ili ukidunda ubadili njia.

Karim alikuwa wa kundi hilo la pili, tena wa mkono wa kushoto. Mpira wake ulikwenda polepole kiasi kwamba mpigaji alikuwa na muda wa kuutazama tangu unapoachiwa. Ugumu ulikuwa mahali ulipotua. Ulidunda pale pale, mara baada ya mara, ukiwa mfupi mno kuupiga ukiwa hewani na mrefu mno kuungojea. Mpigaji asiye na subira huishia kufanya kosa mwenyewe, na warushaji wa aina hii huishi kwa makosa ya wenzao. Ni ufundi unaodai akili tulivu zaidi ya misuli, ndiyo maana Karim aliweza kuutumia hadi karibu na umri wa miaka 40.

Kenya ilicheza mechi yake ya kwanza rasmi ya kimataifa ya siku moja tarehe 18 Februari 1996, dhidi ya India mjini Cuttack, katika Kombe la Dunia. Karim alikuwamo. Siku 11 baadaye, mjini Pune, Kenya iliyopata mikimbio 166 tu iliwatoa West Indies wote kwa mikimbio 93. West Indies walikuwa mabingwa wa dunia mara mbili, na kikosi chao kilikuwa na mpigaji maarufu Brian Lara. Siku hiyo Maurice Odumbe na Rajab Ali ndio waliong'ara, kila mmoja kwa wiketi tatu, yaani kwa kuwatoa wapigaji watatu.

Mwaka uliofuata, Nairobi, Karim aliangusha wiketi tano za Bangladesh kwa mikimbio 33. Mei 1998 aliongoza Kenya kuifunga India ugenini, mjini Gwalior, kwa tofauti ya mikimbio 69. Kombe la Dunia la 1999 nchini Uingereza lilikuwa chungu: Kenya chini ya unahodha wake ilipoteza mechi zote tano. Karim akastaafu.

Miaka minne baadaye alirudishwa. Kombe la Dunia la 2003 lilichezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya, na Steve Tikolo ndiye aliyekuwa nahodha. New Zealand walikataa kwenda Nairobi wakihofia usalama, miezi michache tu baada ya shambulio la kigaidi la Kikambala, Kenya, la Novemba 2002, na Kenya ikapewa pointi. Wapo waliodai kwamba mafanikio yote yaliyofuata yalitokana na zawadi hiyo. Dai hilo linawaonea Wakenya. Tarehe 24 Februari, uwanja wa Gymkhana, Nairobi, waliifunga Sri Lanka kwa tofauti ya mikimbio 53, huku kijana Collins Obuya akiangusha wiketi tano. Kisha wakaifunga Bangladesh, na baadaye Zimbabwe.

Tarehe 15 Machi 2003, uwanja wa Kingsmead, Durban, waliingia kuikabili Australia, bingwa mtetezi ambaye hakupoteza mechi hata moja katika mashindano yale. Mambo yalianza vibaya. Brett Lee, mmoja wa warushaji wenye kasi kuliko wote duniani, aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Tikolo alivumilia hadi kufikisha 51, na Kenya ikamaliza na mikimbio 174. Adam Gilchrist akajibu kwa 67 kutoka mipira 43, na ikaonekana mechi ingekwisha mapema.

Hapo ndipo Karim, mwenye umri wa miaka 39, alipokabidhiwa mpira. Ricky Ponting, nahodha wa Australia, alinaswa mguu ukiwa mbele ya wiketi. Darren Lehmann aligusa kidogo tu kwa ukingo wa gongo na mlinda wiketi Kennedy Otieno akadaka. Brad Hogg aliurudisha mpira hewani kwa Karim mwenyewe, akaudaka. Australia ikawa imepoteza wiketi tano ikiwa na mikimbio 117.

Andrew Symonds na Ian Harvey walilazimika kutulia. Wapigaji waliozoea kuwaadhibu warushaji wa dunia nzima walikaa wakizuia mpira wa mzee wa Mombasa, ova baada ya ova, bila kupata kitu. Ova moja ni mipira sita. Karim alirusha ova nane na mipira miwili, jumla mipira 50, akaangusha wiketi tatu na kutoa mikimbio saba tu. Ova sita kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Australia ilishinda kwa wiketi tano, lakini mchezaji bora wa mechi alitajwa kuwa Karim. Ni vigumu kumtaja mrushaji mwingine wa Afrika Mashariki aliyewahi kuwabana wapigaji wa kiwango kile kwa namna ile katika jukwaa kubwa namna hiyo.

Siku tano baadaye, kwenye uwanja huo huo, Kenya ilifungwa na India katika nusu fainali kwa tofauti ya mikimbio 91. Ilikuwa nchi ya kwanza isiyo na hadhi ya kucheza mechi za siku tano kufika hatua hiyo, na ndiyo iliyokuwa mechi ya mwisho ya Karim. Katika mechi 34 za kimataifa za siku moja aliangusha wiketi 27. Idadi hiyo si kubwa, kwa sababu miaka yake bora ya ujana ilipita kabla Kenya haijaruhusiwa kucheza mechi hizo.

Kenya haikujenga juu ya msingi ule. Migogoro ya uongozi na ya malipo iliutafuna mchezo, Odumbe alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa kushirikiana na wacheza kamari, na mwaka 2014 nchi ilipoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Mwana wa Karim, Irfan, naye aliichezea Kenya, akiwa mpigaji na mlinda wiketi.