Mzee wa Ukerewe na familia aliyoiandika

Mbalamwezi ikiwaka, Katonga panapoa. Dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa mkali, kwa hiyo mitumbwi inalala mchangani na vijana wanabaki na simu zao. Usiku kama huo ndio niliomalizia kitabu ambacho ukiuona unene wake utadhani unataniwa: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.

Kinaanza na drama ambayo leo ingejaza grupu la WhatsApp la ukoo. Myombekere na mkewe hawana mtoto. Ndugu wa mume wana maneno, wazazi wa Bugonoka wanachoka, wanamchukua binti yao. Jamaa haoi mwingine. Anafunga safari mpaka ukweni kumfuata mkewe, na huko anapigwa faini ya pombe ya ndizi. Hapo sasa mwandishi hana haraka kabisa! Ndizi, majirani wa kusaidia, nani anamsalimia nani kwanza. Zile salamu mwanzoni zilinichosha, sitadanganya. Baadaye nikawa nazisubiri, maana kwenye salamu ndiko unakojua nani kanuna.

Sisi wa Tanganyika tunajua ziwa, ila siyo lile. Mgebuka na kuhe usiwatafute humo. Hata sangara hayumo: aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na hadithi hii inahusu maisha ya kabla Wazungu hawajafika. Yaani unamsoma Mkerewe wa enzi ambazo hata Mkerewe wa leo anazisikia tu kwa wazee.

Na hiyo ndiyo ilikuwa nia ya Aniceti Kitereza. Alizaliwa 1896, akasomeshwa na wamisionari, akaona mila za kisiwani zinayeyuka. Mswada aliukamilisha 1945, kwa Kikerewe. Nani angechapa kitabu kinene hivyo kwa lugha ya kisiwa kimoja? Miaka ikapita. Uzeeni akakaa chini akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ndiyo maana mimi huku Kigoma nimekisoma bila mkalimani. Tanzania Publishing House ikakitoa 1980, kikachapwa China. Mwaka 1981 mzee akafariki, nakala hazijamfika mkononi.

Kuna jambo nililijua nikiwa nimeshamaliza kusoma. Kitereza na mkewe Anna walipata watoto, wakafariki wote wakiwa wadogo. Wenyewe wakazeeka pamoja. Kumbe yale maneno ya ndugu kuhusu nyumba isiyo na mtoto yalimgusa aliyeyaandika. Kitabuni aliwapa Myombekere na Bugonoka mganga, dawa, mtoto wa kiume Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali.

Usiku uleule nikarudi nyuma, nikaisoma upya safari ya ukweni.